Njia ya Baiskeli Juu ya Tuta: Tuliyojifunza Katika Bonde la Mto Yser



Kila mwaka baadhi ya wafadhili wetu wa Ubelgiji hupanda baiskeli na kuchangisha fedha kwa ajili ya visima na mifereji ya parokia zetu. Mara nyingi wajumbe wa kamati wametuuliza: watu hawa huendesha wapi kilomita zote hizo bila kusukumwa mtaroni na malori? Tulipopata nafasi ya kupita nao, tuliandika tuliyoyaona ili kujibu swali hilo. Jibu limekuwa refu kuliko tulivyodhani. Huwezi kuieleza njia ile ya changarawe bila kueleza mto, bahari, na kamati za maji zilizodumu kwa mamia ya miaka.

NCHI YA POLDA

Mto Yser una urefu wa kilomita 78 hivi. Unaanzia kaskazini mwa Ufaransa, unaingia Ubelgiji, na kumwaga maji yake baharini katika mji wa Nieuwpoort. Bonde lake ni tambarare kama uwanja wa mpira. Pande zote mbili kuna majani ya ng'ombe, mashamba ya viazi na ngano, na mitaro isiyohesabika.

Ardhi ya namna hii wenyewe huiita polda, yaani ardhi iliyotwaliwa kutoka kwenye maji. Zamani palikuwa na vinamasi ambamo bahari iliingia na kutoka ipendavyo. Watu walijenga matuta kuizuia, kisha wakachimba mitaro ili kuikausha. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo katika Zama za Kati ni watawa wa Abasia ya Matuta ya Mchanga iliyokuwa Koksijde, waliojiunga na Wasistersiani mwaka 1138. Walisali, wakachimba, wakalima, na mashamba yao yakaenea mbali.

Wasomaji wetu wa pwani wataelewa upesi jinsi maji yanavyotolewa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko juu ya bahari wakati maji yamekupwa, lakini iko chini yake wakati maji yamejaa. Kwa hiyo huko Nieuwpoort yamejengwa malango. Maji yanapokupwa malango hufunguliwa, na mto na mifereji hutiririka baharini. Yanapojaa hufungwa. Njia sita za maji hukutana hapo kama vidole, ndiyo maana mahali hapo huitwa Ganzepoot, yaani mguu wa bata bukini.

Eneo liitwalo De Moeren, karibu na mpaka wa Ufaransa, liko chini zaidi, na maji yake hayatoki yenyewe. Katika miaka ya 1620 mhandisi Wenceslas Cobergher alilikausha kwa vinu vya upepo. Mwaka 1646, wakati wa vita, liliachiwa maji makusudi, na kazi yote ikazama kwa takriban miaka mia moja. Leo linatunzwa kwa pampu. Pampu zikizimwa, ziwa litarudi.

RELI ILIYOGEUKA KUWA NJIA

Njia tuliyoipita inaunganisha Diksmuide na Nieuwpoort, takriban kilomita 15. Inaitwa Frontzate, na inafuata tuta la reli ya zamani. Ni rahisi kuona kwa nini reli iliyokufa hufaa kwa baiskeli. Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla, hivyo njia yake imenyooka na haina miinuko. Magari hayaruhusiwi juu ya tuta. Unakutana nayo tu pale barabara za vijiji zinapokatiza, kama vile Pervijze na Ramskapelle.

Ukitaka kuendelea mbali zaidi, kuna njia za kando ya mto na mifereji ambako zamani farasi walivuta mashua. Baadhi zimewekwa lami au zege, nyingine ni changarawe iliyoshindiliwa. Wapenzi wa changarawe hutumia baiskeli zenye matairi mapana kidogo kuliko yale ya mashindano, wala hawayajazi upepo mwingi, ili mawe yasiwatikise mikono. Wanasema hawana haraka. Tuliwaamini, mpaka upepo wa bahari ulipotugeukia usoni na wao wakatuacha nyuma.

Kupotea ni vigumu. Kila njia panda ina kibao chenye namba, na vibao vingine vinakuonyesha upande wa kufikia namba inayofuata. Mpangaji wa safari huandika namba zake kwenye karatasi ndogo na kuifunga kwenye usukani, basi. Mpango huu ulianza mwaka 1995 katika mkoa wa Limburg nchini humo humo. Aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi.

Changarawe nayo ina masharti. Katikati lazima iinuke kidogo ili mvua itiririkie pembeni. Mtaro ukiziba, maji hukaa njiani, shimo la kwanza hutokea, na baada ya majira moja ya baridi yapo mashimo kumi. Wanakamati wa barabara za vijijini hawahitaji kuelezwa zaidi. Kuna wanaodai njia zote ziwekwe lami, hasa kwa ajili ya wanafunzi na wazee. Wengine wanasema lami huvuta mwendo kasi, na kwamba changarawe hupitisha maji na kufanana na mashamba yaliyo jirani. Kila upande una hoja.

MTUMISHI WA POLDA

Tuta hili lina historia nzito. Mwezi Oktoba 1914 jeshi la Ubelgiji lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka kwenye kipande cha mwisho cha nchi yake. Wajerumani walikuwa wamevuka Mto Yser, na askari waliochoka walijilaza nyuma ya tuta la reli. Walibakiwa na silaha moja, nayo ni bahari.

Lakini majenerali hawakujua malango yanavyofanya kazi. Waliojua ni raia wawili. Karel Cogge alikuwa msimamizi wa maji wa polda ya Veurne, mtumishi mdogo aliyekuwa ameijua mitaro hiyo kwa miaka mingi. Hendrik Geeraert alikuwa mwana mashua. Matundu yaliyopita chini ya tuta yalizibwa ili maji yasiende upande wa Wabelgiji. Jaribio la kwanza, kwa ushauri wa Cogge, halikuleta maji ya kutosha. Usiku wa tarehe 29 Oktoba Geeraert na wanajeshi walifungua malango mengine wakati bahari inajaa, wakayafunga ilipoanza kupwa, wakarudia usiku uliofuata. Maji yakatanda kati ya mto na reli, na Wajerumani wakalazimika kurudi nyuma.

Mstari huo wa vita haukusogea sana mpaka mwaka 1918. Gharama yake ilikuwa kubwa: mashamba yalikaa chini ya maji ya chumvi kwa miaka minne, na vijiji vikawa vifusi. Baadaye picha ya Geeraert iliwekwa kwenye noti ya faranga 1,000. Sisi tulimfikiria zaidi Cogge. Kila kamati ina mtu wa namna yake: fundi wa pampu au mlinzi wa banio ambaye haitwi kwenye vikao mpaka siku ya hatari.

NANI ANALIPA?

Mpaka leo polda zinaendeshwa na bodi za wenye ardhi. Kila mwenye shamba hulipa mchango kulingana na ukubwa wa eneo lake, na fedha hizo husafisha mitaro na kutunza pampu na matuta. Mwenyekiti huitwa dijkgraaf, yaani bwana wa tuta. Bodi za aina hii zina mizizi katika Zama za Kati, kabla ya serikali zilizopo sasa.

Hata hivyo mabishano hayakosekani. Mkulima anataka maji yashushwe mapema ili trekta liingie shambani. Wahifadhi wanataka malisho ya kando ya mto yabaki na maji wakati wa baridi, maana ndege wengi kutoka kaskazini hutua hapo. Aidha, udongo wa mboji ukikaushwa sana hunywea, na ardhi huzidi kushuka.

Mwezi Novemba 2023 mabishano hayo yalipata uzito mpya. Mvua ilinyesha kwa wiki kadhaa, na dhoruba ikaiinua bahari, hivyo malango hayakuweza kutoa maji kwa kasi iliyohitajika. Mto Yser ulipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, nyumba ziliingiwa na maji, na pampu za ziada zililetwa kutoka nje. Tangu hapo swali limekuwa wazi: je, kuongeza pampu kunatosha, au mto urudishiwe sehemu ya nafasi yake? Anayetakiwa kuutoa uwanda wake ni mkulima ambaye babu yake aliulipia mchango maisha yake yote. Jibu si jepesi, wala si letu kulitoa.

TUNAYOWAOMBA

Hatusemi kwamba parokia zetu zijenge njia za baiskeli. Tunaomba jambo dogo. Katika kikao cha robo ijayo, kila kamati ya maji iandike mambo matatu: ni nani anayejua kwa mikono yake jinsi banio au pampu yenu inavyofanya kazi, ni nani anayejifunza kutoka kwake, na mchango wa matengenezo wa mwaka huu umefikia kiasi gani. Wafadhili wetu nao wajue kuwa fedha za kusafisha mtaro hazina sherehe ya uzinduzi, lakini ndizo zinazouweka mradi hai.

Jioni ile tulipofika Nieuwpoort maji yalikuwa yanakupwa. Malango yalikuwa wazi, na maji ya bonde zima yalikuwa yanapita chini yetu kuelekea baharini.