Maagizo ya maswali yanavyowaponza watahiniwa

WATAHINIWA wa Kiswahili katika mtihani wa KCSE hawapotezi alama kwa kutolijua somo tu. Wapo wanaoponzwa na kujibu swali ambalo hawakuulizwa, na aghalabu chanzo ni neno moja: kitenzi kinachobeba agizo.

Chukua mfano wa sentensi hii: ‘Mama ameinjika chungu.’ Mtahiniwa akiagizwa kuikanusha, jibu ni ‘Mama hajainjika chungu.’ Akiagizwa aandike kinyume, jibu ni ‘Mama ameipua chungu.’ Majibu yote mawili ni Kiswahili sanifu, lakini mtahini hawezi kumtuza aliyekanusha pale alipotakiwa kutoa kinyume. Sehemu ya matumizi ya lugha katika Karatasi ya Pili ina alama 40 kati ya 80, na maagizo mafupi ya namna hii yamejaa humo.

‘Taja’ na ‘eleza’ nayo huchanganywa mno. Anayetakiwa kutaja aina mbili za viambishi huandika ‘awali na tamati’ akamaliza. Kuongeza aya nzima hapo ni kujipotezea muda. Anayetakiwa kueleza hana budi kuonyesha kwamba viambishi awali hutangulia mzizi na tamati huufuata. Katika ‘amempikia’, kwa mfano, mzizi ni ‘-pik-’, nyuma yake kuna ‘a-’, ‘-me-’ na ‘-m-’, na mbele yake ‘-i-’ na ‘-a’.

Kwenye uchanganuzi wa sentensi, neno ‘changanua’ halitoshi. Lazima mtahiniwa asome hadi mwisho ajue kama anatakiwa kutumia matawi, jedwali au mistari. Vivyo hivyo, anayeambiwa atunge sentensi moja akaandika mbili amekiuka agizo, hata zikiwa tamu kiasi gani.

Katika fasihi, ‘thibitisha’ humtaka mwanafunzi akubali kauli aliyopewa na kuitolea ushahidi kutoka kwenye kitabu. Si mahali pa kuipinga. ‘Jadili’, hasa katika insha ya mjadala, humtaka apime hoja za kuunga na za kupinga kabla ya kutoa msimamo wake. Naye anayeagizwa kulinganisha wahusika wawili kisha akawaeleza mmoja mmoja, bila kuwakutanisha popote, ameandika maelezo mawili yasiyo na ulinganisho.

Alama zinazowekwa kwenye mabano pia ni sehemu ya agizo, ingawa wengi huzipita tu. ‘Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)’ huashiria hoja nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo kutamkwa. Anayesimulia hadithi nzima kwa kurasa mbili bila kumtaja msemewa atakuwa ameikosa alama hiyo, na muda wa swali linalofuata umekwisha.