Baridi si kizuizi kwa anayeanza kufuga kuku

WENGI wa wakazi wa Kinangop, Ol Kalou, Molo na Timboroa, maeneo yaliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, huamini kwamba kuku ni wa nchi zenye joto. Imani hiyo haina msingi. Kuku mkomavu ana joto la mwili la takriban nyuzi 41, na manyoya yake humhifadhi hata asubuhi ambapo barafu nyembamba imetanda juu ya nyasi.

Adui wake mkubwa ni unyevu, na mara nyingi huletwa na mfugaji mwenyewe. Akihofia baridi ya Julai, huziba kila upenyo wa banda kwa karatasi za nailoni. Mvuke wa pumzi na kinyesi ukikosa pa kutokea, hulowesha matandiko, nayo hutoa gesi ya amonia inayoharibu njia ya pumzi. Humo pia ndimo vinamostawi vimelea vya koksidia, ambavyo husababisha kuhara damu. Ukiingia bandani alfajiri na macho yakakuwasha, jua kwamba kuku wamevuta hewa hiyo usiku kucha.

Banda linalofaa huzibwa chini, hasa upande unaotoka upepo, na kuachwa wazi juu chini ya paa, mahali ambapo hewa chafu hutokea bila kuwapuliza kuku. Gunia la kuteremshwa jioni linatosha, mradi lisifunike nafasi yote. Maranda makavu yatandazwe sakafuni, na fito za kulalia ziinuliwe. Kuku 10 wanahitaji takriban mita mraba mbili. Wakiwa wawili au watatu katika banda kubwa, hawapati joto la wenzao.

Vifaranga wana masharti tofauti. Wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi waote manyoya. Hata bila kipimajoto, wenyewe watakuarifu: wakirundikana wanahisi baridi, wakikimbilia kingoni huku wakihema wamezidiwa na joto.

Hapa pana hatari isiyotajwa vya kutosha. Wanaotumia jiko la makaa huwalea vifaranga jikoni, au hata chumba cha kulala. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua vifaranga na binadamu vilevile. Makaa kuwaka bila moshi si dalili ya usalama. Vifaranga wasilelewe kwa jiko katika chumba wanamolala watu, na popote jiko lilipo, hewa ipite.

Asiye na umeme wala chumba cha pekee heri anunue kuku wa miezi miwili. Bei ni ya juu, lakini vifo ni vichache. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO, kituo cha Naivasha, wanafaa. Muuzaji aulizwe ni chanjo zipi wamepata, hasa ya Newcastle.

Mayai yakipungua Julai, usifuate vitabu vya Ulaya vinavyolaumu ufupi wa mchana. Kwetu, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana. Kuku huchoma chakula kingi kujipasha joto, kwa hivyo aongezewe nafaka jioni, kabla hajapanda fito.