Mafundi Waliofundishana Kompyuta

Leo tutatazama jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kufundishana jambo gumu bila ya kuwa na shule wala mwalimu wa mshahara. Mfano wetu tutautoa mbali, katika jimbo la California, Marekani. Huko palikuwa na chama kilichoitwa Homebrew Computer Club. Jina hilo laweza kufasiriwa kuwa ni chama cha kompyuta za kupikwa nyumbani, kama vile mtu apikavyo pombe yake mwenyewe asiende kuinunua dukani.

Kwanza tuijue hali ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 1975, kompyuta zilikuwa mashine za serikali, mabenki, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida hakuzigusa. Mwenye hesabu ya kufanya aliipeleka kwa watumishi wa mashine, kisha akangoja majibu. Lakini tangu mwaka 1971, kampuni ya Intel ilikuwa imeanza kuuza kipande kidogo cha silikoni, kisichozidi ukucha wa kidole, chenye uwezo wa kuhesabu na kufuata maagizo. Kipande hicho huitwa mikroprosesa.

Basi, katika toleo la Januari 1975, gazeti la Popular Electronics lilionyesha picha ya mashine iitwayo Altair 8800. Ilitengenezwa na kampuni ya MITS ya mjini Albuquerque, nayo iliuzwa kwa dola 397 ikiwa vipande vipande. Mnunuzi alipaswa kuviunganisha mwenyewe kwa kulehemu, kama afanyavyo fundi redio.

Hebu sasa fikiri, msomaji. Umekaa usiku kwa usiku, umemaliza kulehemu, umeiwasha. Je, umepata nini? Umepata sanduku lenye swichi na taa ndogo mbele yake. Halina vitufe vya kuandikia, wala kioo cha kusomea. Kumbukumbu yake ina nafasi 256 tu, na kila nafasi inaweza kuchukua herufi moja. Zihesabu herufi za aya hii unayoisoma. Utaona kwamba aya yote haiwezi kuingia humo.

Kuipa maagizo ilikuwa kazi ya subira. Kwa kila nafasi moja ya kumbukumbu, ulipanga swichi 8, hii juu, hii chini, kisha ukabonyeza swichi nyingine ili namba ile iingie. Nafasi zikiwa 100, ulirudia mara 100. Ukikosea swichi moja, programu yote huharibika. Umeme ukikatika, kumbukumbu hufutika na kazi huanza upya. Nawe uko peke yako nyumbani, huna wa kumwuliza.

Hapo ndipo watu walipoona haja ya kukutana. Waswahili husema: kidole kimoja hakivunji chawa. Jumatano, tarehe 5 Machi 1975, usiku wa mvua, watu 32 walikusanyika katika banda la motokaa nyumbani kwa Gordon French, katika mji wa Menlo Park. Mwenzake katika kuwaita watu alikuwa Fred Moore, mtu aliyependa sana elimu igawanywe bure. Altair moja ilikuwapo, watu wakaizunguka kuitazama. Kabla ya mwisho wa mwezi huo Fred Moore alikwisha kutoa jarida dogo la chama, ili asiyefika mkutanoni naye apate habari.

Mikutano ilifanywa kila baada ya majuma mawili, na watu wakazidi hata wakahamia katika ukumbi mkubwa wa kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha Stanford. Sasa, mamia ya watu wakikusanyika, kila mmoja na shida yake, mtafanyaje pasiwe na fujo? Lee Felsenstein, aliyeongoza mikutano kwa miaka mingi, alitumia mpango rahisi. Katika sehemu ya kwanza kila aliyetaka alisimama akasema kwa ufupi: nina kitu fulani, natafuta kitu fulani, nimesikia habari fulani. Hapakuwa na mjadala. Watu walisikiliza tu, wakaangalia nani amesema nini. Katika sehemu nyingine mkutano ulivunjika makundi makundi, na kila mtu akamwendea yule aliyemsikia. Mwenye swali alikutana na mwenye jibu. Mpango huu wafaa hata chama cha wafugaji wa kuku au cha washonaji.

Tuchukue mfano wa jambo lililojifunzwa humo. Ninyi wenye redio mnajua kwamba pikipiki ikipita karibu, redio hukoroma. Sababu yake ni kwamba umeme unaokatika na kuunganika kwa haraka hutoa mawimbi, na redio huyapokea. Kompyuta nayo hukata na kuunganisha umeme mara nyingi sana katika kila sekunde. Mwanachama mmoja, Steve Dompier, aligundua kwamba redio yake ndogo ilikoroma karibu na Altair, na kwamba sauti ilibadilika kufuatana na maagizo aliyoipa mashine. Akiiamuru irudierudie jambo fupi, sauti huwa nyembamba. Jambo likiwa refu, sauti huwa nene. Akayapanga maagizo yake kama mtu apangavyo sauti za marimba. Mkutanoni, katika mwezi wa Aprili 1975, aliiweka redio karibu na mashine, na watu wakasikia wimbo wa Beatles. Ukumbi ulishangilia. Baadaye aliandika jinsi alivyofanya, ili kila mwenye Altair aweze kufanya vivyo hivyo.

Mwingine aliyekuwapo tangu usiku wa kwanza ni Steve Wozniak, kijana mfanyakazi wa kampuni ya Hewlett-Packard. Yeye alitengeneza kompyuta yake akitumia mikroprosesa ya bei nafuu iitwayo 6502, akaiunganisha na vitufe na televisheni, kwa hiyo swichi zile za kuchosha hazikuhitajiwa tena. Michoro yake aliwagawia wenzake bure. Rafiki yake, Steve Jobs, alimshauri waiuze. Tarehe 1 Aprili 1976 wakaanzisha kampuni ya Apple, na duka moja la kompyuta likaagiza mashine 50.

Lakini msidhani kwamba mambo yote yalikuwa ya amani. Sasa twafika kwenye ugomvi, na ugomvi huu una faida ya kuufikiri.

Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, walikuwa wameandika programu iitwayo BASIC kwa ajili ya Altair. Kwa programu hiyo mtu aliweza kuiagiza mashine kwa maneno yanayosomeka badala ya swichi. Iliuzwa katika mkanda wa karatasi wenye matundu. Mkanda mmoja ukapatikana, ukanakiliwa, na nakala zikagawanywa chamani, kila anayechukua akiombwa alete nakala nyingine kwa ajili ya wenzake. Wengi hawakuona kosa. Walisema: bei ni kubwa mno, na tumengoja mno, na hapa desturi yetu ni kugawana.

Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi, nayo ikachapwa katika jarida la chama lenyewe. Alisema kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika hata 10 katika kila 100, na kwamba ukigawanya mapato kwa saa za kazi waliyoifanya, hawakupata hata dola 2 kwa saa. Aliuita unakili huo wizi, akauliza ni nani atakayeweza kufanya kazi ya kitaalamu pasipo malipo. Ni kusema, mkono mtupu haulambwi.

Wengi walikasirika. Lakini wengine walijibu kwa kazi. Waliandika BASIC fupi, wakaichapa magazetini iwe ya bure. Tom Pittman aliiuza yake kwa dola 5 tu, bei ambayo mtu aona afadhali kulipa kuliko kujisumbua kunakili. Tangu hapo njia zimebaki mbili, nazo zipo hata leo: programu ya kununuliwa, ambayo mwenyewe huficha maandishi yake, na programu ya wazi, ambayo kila mtu aweza kuisoma na kuitengeneza. Simu nyingi za mkononi zilizo katika Afrika ya Mashariki huendeshwa na Android, ambayo kiini chake ni Linux, programu ya wazi iliyoanzishwa mwaka 1991.

Chama kile kilikutana kwa mara ya mwisho katika mwezi wa Desemba 1986. Kompyuta zilikuwa zimekwisha kuuzwa madukani zikiwa kamili, na mnunuzi hakuhitaji tena kulehemu. Tena wanachama wengi walikuwa wamefungua makampuni, na aliye na kampuni hawezi kusimama mbele ya mshindani wake akasema kila anachokijua. Hivyo mafanikio yenyewe ndiyo yaliyopunguza mazungumzo.

Basi, ndugu zangu, kabla ya somo lijalo, kaeni pamoja mzungumze maswali haya:

1. Mtu mmoja peke yake na Altair yake alipata shida gani, na mkutano ulimwondoleaje shida hizo?

2. Katika kazi yenu, iwe ya shamba, ya ufundi au ya duka, ni maarifa gani ambayo watu huyaficha? Je, yakitolewa wazi, nani atapata faida na nani atapata hasara?

3. Fundi aliyetunga kitu kwa jasho lake ataka malipo; jirani asiye na fedha ataka kujifunza. Mngewaamuaje?

Msiharakishe kulijibu swali la tatu. Kwaherini.