Kabla Fundi Hajashuka Kwenye Paa

Ukipita Bonga, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara ya Kondoa na Dodoma, angalia madishi yaliyofungwa kwenye nyumba. Ya DStv yameinua uso juu, karibu yalale chali. Ya Azam yamesimama zaidi, na yote yanatazama magharibi. Hakuna fundi aliyejiamulia hivyo. Ni mahali ilipo Bonga juu ya uso wa dunia ndipo panapoamua, na mwenye nyumba akilielewa hilo ataweza kumsimamia fundi wake hata kama hajawahi kushika spana.

Mambo haya yalianzia kwenye karatasi. Oktoba 1945, Mwingereza Arthur C. Clarke, aliyekuwa akitumikia jeshi la anga katika kazi za rada, aliandika makala katika jarida la Wireless World. Hoja yake ilitegemea kanuni iliyojulikana tangu enzi za mtaalamu wa nyota Kepler: chombo kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda mbio, na kilicho mbali huchukua muda mrefu kumaliza mzunguko. Basi lazima uwepo umbali mmoja ambapo mzunguko unachukua muda uleule ambao dunia inajizungusha, yaani saa 23 na dakika 56. Umbali huo ni kilomita 35,786 juu ya ikweta. Chombo kikikaa hapo, kikizunguka kuelekea upande uleule wa dunia, mtu aliye chini atakiona kimesimama palepale usiku na mchana, ingawa kinakwenda kilomita tatu kila sekunde.

Haikupita hata miaka 20 wazo hilo likaanza kutimia. Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, sauti zao zikipitia setilaiti ya Syncom 2 na meli iliyokuwa imetia nanga Lagos. Kwa hiyo Afrika ilikuwamo tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Syncom 3 ikatulia juu ya ikweta na kusafirisha picha za Olimpiki za Tokyo. Kama setilaiti zisingetulia, kila kaya ingehitaji dishi lenye mota la kuzifuata angani. Kwa kuwa zimetulia, bomba moja la chuma na nati chache zinatosha.

Sasa turudi Bonga. Matangazo ya DStv kwa eneo letu yanatoka kwenye setilaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 36 mashariki. Chora mstari kutoka hapo moja kwa moja hadi ardhini, utaangukia karibu kabisa na Mogotio, mji wa Kenya unaopitiwa na ikweta. Bonga iko karibu na mstari huohuo wa nyuzi 36, ila imeshuka kusini nyuzi nne na kidogo. Ndiyo maana setilaiti hiyo iko karibu utosini kwetu: nyuzi 85 kutoka upeo wa macho, imeinamia kaskazini kidogo tu. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, inatumia setilaiti za nyuzi 7 mashariki, juu ya Bahari ya Atlantiki jirani na kisiwa cha São Tomé. Kwa mtu wa Bonga hiyo ni magharibi, kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa nyuzi 56. Anayehama kampuni moja kwenda nyingine hawezi kubadilisha king'amuzi peke yake. Dishi nalo lazima ligeuzwe.

Kutokana na vipimo hivyo kuna dhana moja ya kuiacha mapema. Wengi wetu tulikua na antena za miti mirefu, na tulijua kwamba ukipandisha antena, picha inasafika. Ilikuwa kweli, kwa sababu mawimbi yalitoka kwenye mnara na kila kilima kilikuwa kizuizi. Mlima Kwaraha, jirani na Babati, wenye mita 2,415, unaweza kukukinga na mnara, lakini hauwezi kukukinga na setilaiti iliyo nyuzi 56 juu ya magharibi, sembuse iliyo utosini. Mita tatu za kupanda juu ya paa si kitu mbele ya kilomita 36,000. Kwa Bonga dishi linaweza kufungwa kwenye bomba fupi lililozamishwa kwenye zege uani, mradi mbuzi na watoto wasilifikie na upenu wa nyumba usilifunike. Hapo bati halitobolewi, fundi hahitaji ngazi kila mara, na wewe mwenyewe unaweza kulifuta vumbi. Kama ni lazima liwe juu, lifungwe ukutani au kwenye kenchi. Bati peke yake linatikisika upepo ukivuma, na dishi hutikisika nalo.

Kutikisika ni hatari kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Mawimbi yanapofika kwetu yamechoka mno: nguvu inayoingia kwenye dishi la sentimita 80 inahesabika kwa sehemu za trilioni ya wati moja. Dishi linayakusanya na kuyaelekeza kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele yake, LNB, lakini linafanya hivyo kwa kutazama kipande chembamba cha anga, upana wa nyuzi mbili hivi. Likikosea kwa nyuzi moja, sehemu kubwa ya mawimbi imepotea. Nyuzi moja kwenye dishi la sentimita 80 ni ukingo mmoja kusogea sentimita moja na nusu tu kulinganisha na ule wa upande wa pili. Nguo iliyoanikwa kwenye mkono wa dishi inaweza kufanya hivyo. Nati iliyolegea itafanya hivyo bila shaka.

Kwa sababu hiyo kifaa cha kwanza cha kumwomba fundi wako ni timazi au pima maji, ileile ya waashi. Bomba linalobeba dishi lisiposimama wima, namba zote za mwinuko zilizochorwa nyuma ya dishi zinadanganya. Kwa dishi la DStv hapa Bonga jambo hili lina uzito wa pekee. Setilaiti ikiwa karibu utosini, kuligeuza dishi kushoto au kulia kunabadilisha kidogo sana linakotazama. Mwinuko ndio kila kitu, na bomba lililoinama nyuzi mbili linatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Fundi aliyejifunza kazi kwa video za Ulaya, ambako madishi hutazama chini zaidi kuliko hapa, atahangaika kuzungusha wakati alipaswa kuinua.

Hata hivyo tatizo ninaloliona kubwa kuliko yote halipo kwenye bomba. Lipo kwenye dakika ile picha inapotokea. Fundi yuko juu, mama mwenye nyumba yuko sebuleni, watoto wanapiga kelele: "Imekuja!" Fundi anakaza nati, anashuka, analipwa. Wiki tatu zinapita vizuri. Masika yanaingia, wingu la kwanza zito linatanda, na picha inakatika wakati nyumba ya jirani, yenye dishi lilelile, inaendelea kuangalia taarifa ya habari.

Zamani tusingedanganyika. Kabla ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuanza kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam, mawimbi yakidhoofika picha ilianza kuonyesha chenga. Chenga zikizidi ulijua antena imegeuka. Dijitali haina onyo hilo. Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alithibitisha kwamba taarifa zinaweza kupita kwenye njia yenye makelele na kufika karibu bila kosa kabisa, mradi zimesukwa kwa namna ambayo anayepokea anaweza kugundua na kurekebisha kilichoharibika. Tunafanya jambo la namna hiyo tunapomtajia mtu namba ya kutumia pesa kwenye simu inayokwaruza: tunairudia, tunaigawanya, tunamwambia aisome tena. Setilaiti inatuma picha pamoja na ziada ya kurekebishia makosa, na king'amuzi kinafanya masahihisho hayo mamilioni ya mara kila sekunde. Lakini Shannon alionyesha pia kwamba kuna mpaka. Makosa yakiuvuka, masahihisho yanashindwa yote kwa mpigo. Picha inagawanyika vipande vya mraba, inaganda, halafu skrini inakuwa nyeusi.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni kubwa. Dishi lililoelekezwa sawasawa na lililo nusu ya kupotea yanatoa picha ileile siku ya jua. Huwezi kuona tofauti kwa macho. Tofauti ni akiba, na akiba hiyo inatumika siku ya mvua. Mawimbi tunayopokea yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua yenye upana wa milimita kadhaa yanatosha kuyanyonya na kuyatawanya. Madishi makubwa ya zamani, yale ya futi sita na nane, yalipokea mawimbi marefu zaidi, yenye sentimita saba na zaidi, ndiyo maana mvua haikuyasumbua sana. Dishi dogo la leo linahitaji kila chembe ya akiba linayoweza kupata. Hakuna dishi la sentimita 80 litakaloshinda kila dhoruba, lakini lililofungwa vizuri litakatika dakika chache kwenye mvua kubwa kabisa, si kila manyunyu yanapoanguka.

Akiba hiyo inaonekana mahali pamoja. Kwenye mipangilio ya king'amuzi kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Usibabaike na ule wa nguvu, kwa maana LNB hukuza pia makelele, na mstari unaweza kupanda hata dishi likiwa linatazama anga tupu. Angalia ubora. Fundi asogeze dishi kidogo kidogo kwenda juu mpaka ubora upande, aendelee mpaka uanze kushuka, ndipo arudi kwenye kilele. Afanye hivyo pia kushoto na kulia, kisha aizungushe LNB yenyewe ndani ya kibanio chake, kwa kuwa mawimbi yanakuja yakiwa yamesimama au yamelala, na LNB iliyokaa upande inayachanganya. Baada ya kukaza nati zote, asome ubora tena. Mara nyingi mkono unaokaza ndio unaoliondoa dishi mahali pake.

Kebo nayo inaiba akiba kimyakimya. Iwe kipande kimoja bila kiungo kutoka LNB hadi king'amuzi. Kiungo kilicho nje kikifungwa kwa nailoni ya dukani kitaingiza maji msimu mmoja tu, na maji yakishaingia kwenye nyuzi za kebo hutembea ndani yake mpaka nyuma ya king'amuzi. Konekta ya nje izibwe kwa mpira au silikoni, na kabla kebo haijaingia ukutani iachwe ining'inie kidogo kwenda chini ili maji yadondokee nje. Ijulikane pia kwamba kebo hiyo inapeleka umeme juu: volti 13 au 18, na tofauti hiyo ndiyo inayoiambia LNB ipokee mawimbi yaliyosimama au yaliyolala. Kebo mbovu ikipunguza volti, baadhi ya chaneli zitapotea na nyingine zitabaki, na watu hudhani kifurushi kimekwisha. King'amuzi kizimwe kabla ya mtu yeyote kuchomoa au kukata kebo. Na radi zinapoanza kunguruma chomoa plagi ya umeme pamoja na kebo ya dishi, kwa sababu zote mbili ni njia ya radi kuingia sebuleni. Bomba la dishi liunganishwe na erthi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya televisheni moja.

Imebaki miti, na hapa jua linaweza kukupimia bure. Mara mbili kwa mwaka, jua likiwa karibu na ikweta, linapita nyuma ya setilaiti hizi kama tunavyoziona kutoka Bonga. Siku zenyewe ni karibu na tarehe 22 Machi na 21 Septemba. Kwa setilaiti ya DStv inatokea kama saa saba kasorobo mchana Machi na saa sita na nusu Septemba. Kwa ile ya Azam ni kama saa tisa alasiri Machi na saa tisa kasorobo Septemba. Kwa siku chache, dakika chache kila siku, makelele ya jua yanayazidi mawimbi na picha inakatika bila wingu angani. Usimwite fundi, na usiliguse dishi. Picha itarudi yenyewe.

Saa hizohizo zina faida nyingine. Mahali ambapo kivuli cha mti kinaangukia dishi wakati huo ndipo mti unapozuia mawimbi, kwa sababu jua na setilaiti vimo kwenye mstari mmoja. Kwa siku nyingine tumia kipimo hiki kwa dishi la Azam: mti ulio mita 4 upande wa magharibi usizidi mita 5 juu ya usawa wa dishi. Mgrevilea uliopandwa mpakani leo ukiwa kiunoni utafika huko upesi kuliko unavyodhani, na majani yaliyolowa ni mabaya zaidi kuliko makavu. Ama uukatie matawi, ama uchague sehemu nyingine ya uani sasa, kabla zege halijamwagwa.

Kwa hiyo siku ya kufunga, picha ikitokea, usiitoe pesa mfukoni. Mwambie fundi kwa heshima: "Fundi, naomba uniwashie ukurasa wa mawimbi." Muone ubora pamoja, uandike namba yake pembeni ya karatasi ya dhamana, na mthibitishe kwamba kadi ya king'amuzi imesajiliwa kwa jina lako. Masika yakifika na picha ikasumbua, utalinganisha namba ya siku hiyo na ile uliyoandika, na fundi akija mtajua mnaanzia wapi.