Resiva ya Bei Nafuu Sebuleni: Wanavyosema Walio Nayo

Resiva ya sinema ya nyumbani ni mashine inayokaa kati ya runinga na spika, ikipokea picha na sauti kutoka kwenye vyombo kama king'amuzi, deki ya diski au mashine ya michezo ya video, kisha ikaipeleka picha kwenye runinga na kuigawa sauti kwa spika kadhaa zilizopangwa kumzunguka msikilizaji. Ndani ya boksi hilo moja mna kazi tatu ambazo zamani zilihitaji vifaa mbalimbali, yaani kuchagua chombo kinachotazamwa, kufumbua sauti iliyofungwa kwa mfumo wa kidijitali, na kuikuza sauti hiyo kwa umeme unaotosha kuziendesha spika, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na ampilifaya. Sauti ya namna hii ilianzia kwenye kumbi za sinema, ambako mfumo wa Dolby Digital ulitumika katika filamu ya Batman Returns mwaka 1992, na mfumo shindani wa DTS ukafuata mwaka 1993 kwa filamu ya Jurassic Park. Hesabu ya 5.1 inayoandikwa kwenye maboksi ya resiva inatokana na mifumo hiyo: tano ni spika mbili za mbele, moja ya katikati na mbili za pembeni au nyuma ya mtazamaji, na ile moja iliyo baada ya nukta ni sabufa, spika kubwa inayobeba besi peke yake.

Miongoni mwa resiva za bei nafuu, Yamaha RX-V385 iliyotoka mwaka 2018 kwa bei ya takriban dola 300 za Marekani inafaa kuchukuliwa kama mfano, kwa kuwa wamiliki wake wamepata miaka ya kuizoea na maoni yao yamevuka furaha ya wiki ya kwanza. Resiva hiyo ina njia tano za spika na tundu la sabufa, ina matundu manne ya kuingizia HDMI, ambao ni waya mmoja unaobeba picha na sauti kwa pamoja, na tundu moja la kuitolea picha kwenda kwenye runinga. Ina redio na Bluetooth, lakini haina Wi-Fi. Sony STR-DH590, ambayo ilitoka mwaka huohuo kwa bei iliyokaribiana, imejengwa kwa mpango uleule, na ndiyo maana sifa na lawama za wamiliki wa mashine hizi mbili zinafanana mno.

Sifa inayotangulia nyingine zote ni kwamba maneno ya waigizaji yanasikika vizuri kuliko zamani, na sifa hiyo ina msingi. Runinga za siku hizi ni nyembamba kiasi kwamba spika zake ndogo hutazama chini au nyuma, na sauti hulazimika kugonga ukuta au meza kabla ya kumfikia mtu, ilhali spika ya katikati, ambayo katika filamu nyingi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo, huelekezwa moja kwa moja kwa waliokaa kwenye kochi. Hata hivyo sifa hii ni ya spika na mahali zilipowekwa kama ilivyo ya resiva yenyewe, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulikumbuka kila anaposoma maoni ya mtu asiyetaja anatumia spika gani, katika chumba cha ukubwa gani.

Mahali ambapo maoni hupotosha zaidi ni kwenye wati, kipimo cha nguvu ambayo ampilifaya huipa spika. Sony STR-DH590 hutangazwa kuwa na wati 145 kwa kila njia, nayo Yamaha RX-V385 hutajwa kwa wati 70, na kutokana na tarakimu hizo wapo wanaoamini kwamba ya kwanza ina nguvu maradufu ya ya pili. Ukweli umejificha katika maandishi madogo. Zile wati 145 hupimwa kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, huku upotofu, yaani kiasi ambacho ampilifaya huiharibu sauti inapoikuza, ukiruhusiwa kufika asilimia 0.9. Mashine hiyohiyo inapopimwa njia mbili zikifanya kazi kwa pamoja, katika masafa yote kuanzia hezi 20 hadi 20,000 na kwa upotofu wa asilimia 0.09, hutoa wati 90, na ni kwa masharti hayo magumu kwamba Yamaha ilipata wati zake 70. Tofauti kati ya 90 na 70 ni kama desibeli 1, kiasi ambacho sikio la mtu hukitambua kwa shida, kwani kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili huhitajika nguvu inayokaribia mara kumi. Spika inayotoa desibeli 89 kwa wati moja, mahali pa ile inayotoa desibeli 86, humpa mwenyewe faida ileile ambayo angeipata kwa kununua resiva yenye wati maradufu.

Mchezo huu wa tarakimu ni wa zamani kiasi kwamba Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliutungia kanuni tangu mwaka 1974, ikizitaka kampuni zieleze masharti ya kipimo kila zinapotangaza wati, na mwaka 2024 kanuni hiyo ikarekebishwa ili vipimo vya mashine mbalimbali viweze kulinganishwa kwa haki. Mnunuzi aliye nje ya nchi hiyo hana kinga hiyo, lakini anaweza kujilinda kwa kulisoma jedwali lililo mwishoni mwa kitabu cha maelekezo na kutafuta tarakimu iliyopimwa kwa hezi 20 hadi 20,000, maana zilizobaki zina faida ndogo kwake.

Lawama nazo zinahitaji kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu nyingi zinatokana na mpangilio wa mitambo kuliko ubovu wake. Lawama kuu ni mbili, nazo ni kwamba sabufa haivumi na kwamba mazungumzo yanamezwa na muziki au milipuko. Resiva hizi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba, ambayo huwekwa pale anapokaa msikilizaji na kuchomekwa kwenye mashine, kisha kila spika ikatoa milio kwa zamu huku resiva ikipima ukubwa wa sauti na muda inaochukua kufika. Yamaha huuita utaratibu huo YPAO. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu zaidi kwa mita moja huchelewesha sauti yake kwa karibu elfu tatu za sekunde ili zote zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja. Kazi hii hufanyika vizuri ikiwa maikrofoni iko juu ya stendi, kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, feni imezimwa na watu wamenyamaza. Ikitupwa juu ya mto wa kochi, kitambaa humeza sehemu ya sauti na vipimo vyote huenda kombo.

Hata maikrofoni ikiwekwa vizuri, kuna uamuzi mmoja ambao mashine huukosea mara kwa mara, nao ni ule wa kuzigawa spika katika kundi la kubwa na la ndogo. Spika ikihesabiwa kuwa kubwa, resiva huiachia besi yake yote, hata kama ina koni ya inchi nne au tano isiyoweza kuzibeba sauti hizo nzito, na sabufa hubakiwa na ile njia moja ya athari maalumu ambayo katika vipindi vingi iko kimya. Mwenyewe huona taa ya sabufa inawaka lakini hasikii kitu, akahitimisha kwamba resiva ni mbovu. Dawa yake ni kuingia kwenye menyu, kuzigeuza spika zote ziwe ndogo, na kuweka mpaka wa kugawia sauti kwenye hezi 80, maana yake ni kwamba kila sauti iliyo chini ya hapo itapelekwa kwenye sabufa, nazo spika ndogo zitapumua na kuyatoa maneno kwa uwazi zaidi. Mpaka huo wa hezi 80 umekuwa desturi ya sinema za nyumbani kwa miaka mingi, nao hufaa kwa seti nyingi za bei ya kawaida. Kuhusu mazungumzo yanayomezwa, kuipandisha spika ya katikati kwa desibeli 2 au 3 kuliko ilivyopangwa na mashine hutosha katika nyumba nyingi, na kwa wanaotazama usiku watoto wakiwa wamelala, kuna mpangilio wa kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo ambao wamiliki wengi hawajawahi kuufungua.

Spika za nyuma kuwa kimya ni lawama nyingine, na mara nyingi mkosaji ni runinga. Sauti ya runinga huirudia resiva kwa njia inayoitwa ARC, iliyoanzishwa pamoja na toleo la 1.4 la HDMI mwaka 2009, lakini runinga ikiwa imepangwa kutoa sauti ya njia mbili tu, resiva haina cha kuzigawia spika za nyuma. Wapo pia wanaolalamikia rimoti yenye vitufe vingi, na lawama hiyo ni ya haki kabisa.

Ziko lawama zinazogusa umbo la mashine lenyewe. Ili kushusha bei, matundu ya spika za katikati na za nyuma hutengenezwa kwa vibano vidogo vya plastiki badala ya skrubu, na waya mnene hauingii bila kusokotwa vizuri. Hapo ndipo uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, unapochomoza nje ya kibano na kuugusa uzi wa tundu la jirani; resiva hujizima yenyewe ili isiungue, na mwenyewe huiwasha tena na tena bila kujua kwamba inajilinda. Kabla ya kumwita fundi, inafaa kuuchomoa umeme, kukagua kila ncha kwa tochi na kuisokota upya.

Kuhusu uimara, maoni ya kuaminika zaidi ni ya wale waliokaa na mashine miaka mitano au zaidi, nao hurudia neno joto. Ampilifaya ya aina hii hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto linalotoka kwa matundu ya juu, na resiva iliyofungiwa kwenye kabati la kioo, au iliyobebeshwa king'amuzi na kitambaa mgongoni, huchosha vipuri vyake mapema. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada lenye uzito, hasa anapotumiwa resiva na ndugu aliye Marekani, kwani mashine za soko hilo hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, ilhali Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, na kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuiunguza. Transfoma ya kushusha umeme husaidia, mradi iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya resiva. Redio yake nayo huruka megahezi 0.2 kwa kila hatua kama ilivyo desturi ya Marekani, hivyo baadhi ya stesheni za nyumbani haziwezi kunaswa sawasawa. Bei ya chini ya ng'ambo haina budi kuhesabiwa pamoja na gharama hizo.

Swali linaloulizwa sana na wanaotaka kununua sasa ni kama inafaa kuchukua resiva isiyo na Dolby Atmos, mfumo ulioingia kumbini mwaka 2012 kwa filamu ya Brave na majumbani mwaka 2014, ambao huongeza spika za juu ili sauti ishuke kutoka darini. Majibu ya wamiliki yamegawanyika, lakini hoja yenye nguvu iko upande wa wale wanaosema kwamba katika sebule ya kawaida, fedha za spika mbili za juu zingefanya kazi kubwa zaidi zikinunua spika bora ya katikati au sabufa nzito kidogo. Filamu iliyotengenezwa kwa Atmos huchezwa bila tatizo kwenye resiva ya njia tano, kwa kuwa sauti zilizokusudiwa kutoka juu huchanganywa ndani ya zile za mbele na za nyuma, na hakuna neno wala mlio unaopotea.