Gemu: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti?

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliponena hayo hawakuwa wameuona mchezo wa video, lakini mtu angedhani walikuwa wakiwazungumzia watengenezaji wa gemu wa siku hizi. Kila mwaka tunaambiwa kwamba gemu mpya imeishinda ya mwaka uliotangulia. Ukiuliza uzuri wenyewe uko wapi, unaonyeshwa picha.

Je, picha safi ndizo zinazoufanya mchezo uwe mzuri?

Swali hilo lilinijia likizo ya Desemba, katika chumba kimoja cha gemu karibu na Makutano, mjini Meru. Mama alikuwa amenituma nimtafute mtoto wa kaka yangu. Kijana huyo alikuwa ametoka Embu kuja kumwona nyanya yake, lakini nyumbani hakuonekana ila wakati wa chakula.

Ndani ya chumba hicho mlikuwa na runinga tatu. Ile kubwa na mpya ilikuwa na mchezo wa hadithi wenye picha za ajabu. Uliweza kuona jasho likimtiririka shujaa shingoni na majani yakiyumba kwa upepo. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mbele ya runinga kuukuu, vijana kama kumi walikuwa wamebanana mithili ya abiria wa matatu ya jioni, wakishangilia kandanda. Wetu alikuwa miongoni mwao, sauti imemkauka.

Mwenye chumba alinifumbulia fumbo hilo. Wateja wake hulipa kwa mechi. Mchezo wa hadithi huchukua saa nyingi kuumaliza, na mwenye sarafu mbili mfukoni hana saa hizo. Kandanda huisha kwa dakika chache, na lazima apatikane wa kushangiliwa na wa kuchekwa. Runinga ile nzuri, alisema, huwaita watu mlangoni, lakini pesa za kodi hutoka kwa ile kuukuu.

OMBI LA KIJANA

Siku iliyofuata tulipanda matatu kurudi Embu. Tukapita Nkubu, tukapita Chuka, tukafika Runyenjes, na njia nzima kijana alikuwa na wimbo mmoja tu: baba amnunulie PlayStation 5. Mtambo huo uliingia sokoni mwaka 2020, na hapa Kenya bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Nyumbani wana PlayStation 4, ya mwaka 2013, iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika.

"Shangazi, nisaidie kumwambia baba," alinisihi. "Hii yetu picha zake ni za zamani. Marafiki zangu wananicheka."

Kaka yangu hutegemea kahawa, na malipo ya kahawa yana mwenyewe kabla hayajafika: karo. Hata hivyo, hakumkemea mwanawe. Alimuuliza swali moja tu: picha hizo mpya atazitazamia wapi?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Picha ya runinga ni mkusanyiko wa nukta. Runinga ya kawaida ya HD kamili ina nukta zipatazo milioni mbili, ilhali ya 4K, ambayo mitambo mipya imekusudiwa, ina zaidi ya milioni nane. Ukiunganisha mtambo wa kisasa na runinga ya nukta milioni mbili, macho yako hayatapata zaidi ya milioni mbili hizo. Ni sawa na kumimina debe la maziwa kwenye kikombe.

Isitoshe, mtambo una nguvu zenye kikomo. Ili mwendo uonekane laini, unatakiwa kuchora picha 60 kila sekunde. Ukiulazimisha kupamba kila picha kwa vivuli na mng'ao wa maji, huenda ukashindwa na kuchora 30 tu. Ndiyo maana gemu nyingi za leo humwuliza mchezaji mwanzoni achague: picha bora au mwendo bora? Wanaoshindana kwa dhati aghalabu huchagua mwendo, kwani bao hufungwa kwa kufumba na kufumbua.

HISTORIA INASEMAJE?

Tukitazama nyuma, michezo iliyopendwa mno haikuwa lazima ile yenye sura nzuri. Mwaka 1984, Alexey Pajitnov alitunga Tetris mjini Moscow kwa kompyuta ambayo haikuweza kuchora picha. Vile vipande vinavyoanguka alivitengeneza kwa alama za mabano. Mchezo huo ungali unachezwa duniani kote.

Mwaka 1989, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mtambo wa mkononi ambao kiwambo chake hakikuwa na rangi. Washindani wake, Atari na Sega, walileta mitambo ya rangi. Game Gear ya Sega ilipendeza macho, lakini ilimeza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne zilizodumu muda mrefu zaidi. Game Gear iliuza takriban mitambo milioni 10. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata mwaka 1998, iliuza zaidi ya milioni 118.

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kupelekwa Japani. Wanamkumbuka yule nyoka wa simu za Nokia, aliyeanza mwaka 1997: vijistari vyeusi vikitambaa kwenye kiwambo kidogo. Ni wangapi walikosa kushuka kituoni kwa sababu yake?

Hata kizazi hiki kina ushahidi wake. Minecraft, ambayo dunia yake yote imejengwa kwa vibonge kama matofali, ilitoka rasmi mwaka 2011. Kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 300. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 zilitolewa upya gemu tatu za zamani za Grand Theft Auto, sura zikiwa zimepambwa. Kasoro zilikuwa tele, hata kampuni ya Rockstar ikaomba radhi na kurejesha sokoni zile za awali za kompyuta. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

PICHA NAZO ZINA HAKI YAKE

Hata hivyo, si haki kuzilaumu picha kwa kila kitu. Kijana wetu alijitetea vyema. Katika kandanda, alisema, nataka nimtambue mchezaji kwa uso wake na mwendo wake, la sivyo nitampigaje pasi? Ni kweli. Picha inayoeleweka ni sehemu ya mchezo. Ukishindwa kutofautisha adui na kichaka, mchezo umeharibika.

Tena kuna ajira. Uchoraji wa gemu ni kazi, na Wakenya wameithubutu. Mwaka 2007, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya picha zenye umbo kamili, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba kitu kama hicho chaweza kutengenezwa hapa. Mwaka 2015, Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo mchezaji anaupigania mji mkuu wetu dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu. Furaha ya kuona majengo unayoyajua ndani ya gemu haipimwi kwa mizani.

Lakini mashindano ya picha ni vita vya matajiri. Nyaraka zilizofikishwa mahakamani nchini Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II, gemu ya mwaka 2020, iligharimu takriban dola milioni 220. Mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Embu, au yule wa Meru aliyeko Nchiru, akijaribu kushindana na fedha hizo kwa vivuli na mng'ao, atashindwa kabla hajaanza. Anachoweza kushindana nacho ni wazo. Programu za Blender na Godot hutolewa bure, na mchezo mdogo wenye kanuni tamu hauhitaji mamilioni.

Tena mchezo mdogo humfikia mwananchi. Gemu kubwa za leo hupita gigabaiti 100. Ni nani atakayezipakua kwa bando za simu? Wengi wetu hucheza kwenye simu za bei nafuu, na huko gemu nyepesi inayofunguka upesi ndiyo mfalme.

USIKU STIMA ILIPOPOTEA

Mjadala wetu ulikatizwa na giza. Stima ilipotea, PlayStation ikazimika, na kijana akaguna. Kaka yangu alikwenda jikoni akarudi na taa, trei tupu ya mayai na maharagwe mkononi. Alimfundisha mwanawe kiothi, mchezo wa Wameru wa jamii ya bao, ambao wazee walikuwa wakiuchezea kwenye mashimo ya ardhini.

Kijana alishindwa mara tatu mfululizo. Stima iliporudi, hakuinuka. "Baba, moja tu ya mwisho," alisema, na ilikuwa ya mwisho mara nne.

Sisemi kwamba trei ya mayai itachukua nafasi ya PlayStation. Asubuhi kijana aliirudia PlayStation yake, na ombi lake bado liko mezani. Kaka alimwahidi tu kumtengenezea pedi ya pili iliyoharibika, ili asiwe akicheza peke yake. Kwa maoni yangu, shilingi hizo chache zitamletea raha kushinda nukta milioni sita asizoweza kuziona.

Kwa hivyo, mzazi, utakapoombwa mtambo mpya, usikimbilie kukataa wala kukubali. Muulize mwanao maswali haya: Runinga yetu itazionyesha picha hizo? Utacheza na nani? Na picha zikishazoeleka, baada ya wiki mbili, mchezo wenyewe utakuwa umebakiwa na nini?

Akiwa na majibu, msikilize. Huenda akawa anajua kitu tusichokijua sisi wa enzi za nyoka. Akikosa, basi wakati wa kufungua kibeti haujafika.