Cheti anacho, cherehani hana: Mzazi, jua mkopo wa halmashauri

BINTI amemaliza chuo. Cheti kimewekwa kwenye mfuko wa nailoni, kiko chini ya godoro. Asubuhi anafagia uwanja, anamnyonyesha mwanawe, kisha anakaa kibarazani. Ukimuuliza mbona hashoni, anakujibu, "Nishone kwa kidole, mama?"

Kama hali hii ipo nyumbani kwako, Kibiti mjini au huko delta, soma hadi mwisho.

Kupata ujuzi siku hizi si kazi ngumu sana. Ukishika barabara ya Lindi kutoka Kibiti, kabla hujafika Daraja la Mkapa unapita Ikwiriri, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kuiga mfano wa Sweden, na leo viko 54 nchini. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, msichana aliyekatiza sekondari, hata kwa ujauzito, anasoma masomo ya sekondari, fani ya mkono na ujasiriamali. Mtoto wake naye hulelewa palepale chuoni mama akiwa darasani.

Kazi inaanza siku ya kuhitimu. Serikali imemfundisha, lakini cherehani hakupewa.

Hapo ndipo ilipo fedha ambayo wazazi wengi tunaisikia tu kwenye mikutano. Tangu mwaka 2018, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Katika kila Sh100,000 inayotengwa, Sh40,000 ni ya wanawake, Sh40,000 ya vijana na Sh20,000 ya watu wenye ulemavu.

Mapato ya ndani ni yapi? Ni pamoja na ushuru wa ufuta na korosho, leseni na ushuru wa samaki. Kwa hiyo binti yako akienda kuomba, haombi sadaka. Anafuata fedha iliyotokana na mashamba na nyavu za kwenu.

Lakini lazima ilipwe. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii, baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kimoja kikila fedha, kinachofuata kinakosa.

Mzazi ufanye nini? Kwanza, usingoje cheti. Akiwa bado chuoni, msaidie kutafuta wenzake wa kuaminika, kwa sababu mkopo hutolewa kwa kikundi. Shoga wa kucheka naye si lazima awe mtu wa kukopa naye.

Pili, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndiye atakayewaeleza kuhusu usajili, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Kwa anayeishi Salale au Mbwera, safari ya Kibiti ni chombo, kungoja maji yajae, kisha gari. Bora aulize kila kitu kata kabla ya kufunga safari.

Tatu, wakae na wewe waandike kalenda ya biashara. Wewe unajua fedha inaonekana lini kijijini: ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, korosho mwishoni mwa mwaka, nguo zinatafutwa Idd, sare zinatafutwa Januari. Masika mifuko ni mitupu. Marejesho yakipangwa bila kuangalia misimu hiyo, kikundi kitakwama mapema.

Mwisho, fedha ya kikundi isiguswe kwa ada ya mdogo wake wala mchango wa harusi, hata ukiombwa na mjomba. Hapo wengi wetu ndipo tunapowaangusha watoto, kisha tunasema chuo hakikumsaidia.

Leo jioni kitoe kile cheti chini ya godoro. Muulize binti yako anataka kukopa na nani.